Saa Nane Kasorobo

Mwanamvua, siku ishirini na tisa duniani,
hajui bado kuwa usiku una kazi yake.
Mchana kutwa hulala kama mtu aliyerudi safari ya mbali:
kengele ya skuli haimwamshi, mashine ya kusaga haimwamshi,
wala watoto wa Limbani wakigombea mpira chini ya dirisha.
Ikifika saa nane kasorobo
hufumbua macho, huyatuma kwenye boriti,
hukunja ngumi mbili kama mtu anayedai haki yake,
kisha hulia.

Na halii mchezo.
Hulia hata popo wa mfenesi wakahama tawi.

Rukia hunyonyesha kakaa, kichwa ukutani,
kanga imemteleza begani, jicho moja liko macho, jingine limekwenda zake.
Akimaliza nasema, "Lete."
Nampokea kama napokea chungu cha moto,
kiganja shingoni, kiganja matakoni,
tunaanza mwendo wetu
toka mlango wa uani hadi kabati la vyombo,
hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi.
Mimi mwalimu wa hesabu. Nimezihesabu.
Usiku mmoja tulifika elfu mbili na mia mbili,
nikalala wima,
nikazinduliwa na kabati.

Dawa tumepewa. Nani hana dawa?
Mamkwe kamfunga mvuje mkononi, kwa kitambaa cheusi;
nyumba nzima yanuka mvuje, hata madaftari ya wanafunzi.
Bi Sabahi wa dukani kasema mgeuzieni fulana,
ndani iwe nje, na usiku wake utageuka.
Muuguzi alicheka tu: "Mtoto huyu hana ila. Mzoeeni."
Fulana tuligeuza.
Saa nane kasorobo akalia, mishono iko nje.

Juzi ndiyo kwanza alikuwa kasinzia,
kope zimegusana, pumzi imerefuka,
mita ya Tukuza ikaanza: ti, ti, ti.
Kisha giza.
Rukia alinitazama. Sikumwona, lakini nilijua.
Tukacheka bila sauti mpaka chandarua kikatikisika,
na yeye, katikati yetu, akafungua kinywa.

Ndipo, katika giza letu, nikaiona taa ya Shaame.
Nyumba yake na yangu hazipishani mkono.
Tangu vuli hatujasalimiana,
kwa mkarafuu mmoja ulioanguka mpakani:
yeye kasema wake, mimi nikasema wa marehemu baba,
na mkarafuu wenyewe umelala pale, unaliwa na mchwa.
Dirisha lake lilikuwa wazi.
Alikuwa akimgeuza mama yake, Bi Mize,
ambaye tangu mfungo hawezi kujigeuza.
Ubavu huu, ubavu ule. Maji kwa kijiko.
Akamfuta kidevu kwa ncha ya kikoi.
Nilisimama na wangu begani, yeye na wake mikononi.
Sikumwita. Nadhani aliniona.

Jana Mwanamvua hakulia.
Niliamka mwenyewe, saa ileile, moyo mbio,
nikapeleka kidole chini ya pua yake
nikakuta kidole cha Rukia kimeshafika.
Pumzi.
Tukangoja nyingine.
Pumzi.
Hatukulala tena mpaka adhana.

Nilikuwa sijamaliza vifungo vya shati, hodi mlangoni.
Shaame, na macho mekundu kama yangu.
Habari za mkarafuu hakuzitaja.
"Mama kanituma," alisema.
"Kakesha anasikiliza.
Anauliza, mtoto yu mzima? Mbona leo hakulia?"

Nikamwambia mzima. Kalala tu.
Akabaki pale kizingitini, anayatazama malapa yake.
"Basi leo akilia," alisema,
"msimnyamazishe upesi."